Onyo lenye kuchelewa si onyo

Ndugu raia, tusisahau. Tarehe 22 Mei 2021, magaribi, Nyiragongo ililipuka na hakuna mkubwa aliyetuonya mbele. Kituo cha OVG chenye kuchunguza volkano kilikuwa kimekosa pesa. Kwa miezi hata intaneti ya kupokea habari za mashini zake ilikosekana. Kisha, asubuhi ya 27 Mei, gavana akaamuru kartiye 10 za Goma zihame. Watu wakajaa barabara ya Sake bila kujua watalala wapi.

Ikiwa Goma, mji mkubwa, ilikuwa hivyo, mama wa Burungu kule Masisi atajulishwa na nani? Januari 2023, vita ilipofika Kitchanga, watu walikimbia na watoto mgongoni. Huko mara nyingi mjumbe wa kwanza ni mlio wa risasi, ao motari anayepita mbio.

Wakubwa wanasema: tukitangaza, watu wataogopa. Hapana! Kimya ndicho kinaleta woga na uvumi.

Tunaomba mambo manne: hatari gani, wapi, barabara gani iko salama, na kwenye kufika nani atapokea watu. Msemee kwenye redio, soko na kanisa, kwa Kiswahili, Kihunde na Kinyarwanda. Msichokijua, mkiseme pia.

Na sisi vijana wa WhatsApp: usitume sauti ambayo hujahakikisha.

Kuonywa si zawadi. Ni haki yetu.