Setilaiti Haibebi Panga

Mhariri mmoja wa mjini, jina lake nalihifadhi, amenirudishia hadithi yangu ya moto wa Kilimanjaro. Pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: karne hii bado watu wanazima moto kwa matawi? Weka ndege isiyo na rubani, weka kompyuta inayonusa moshi. Basi namjibu hapa hapa, nanyi wenzangu mnaoshika kalamu msikie.

Oktoba 11, 2020, moto ulianza eneo la Whona, pale wapandaji wa njia ya Marangu wanapopumzika kati ya Mandara na Horombo. Uliteketeza kilomita za mraba kama 95. Nani aliuzima? Askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wanavijiji, wapagazi. Mamia ya watu, na mlima ule unapandwa kwa miguu. Walikwenda na mapanga, majembe na matawi mabichi. Hayo sikuyatunga mimi. Ukiyaona ya kizamani, mzee, kagombane na mlima.

Sasa hiyo mitambo. Siipingi, wala sijalala. Macho ya angani tunayo siku nyingi: chombo kiitwacho VIIRS, kilichorushwa mara ya kwanza mwaka 2011, huona joto la moto kwa vipande vya mita 375, na NASA huzitoa habari hizo bure, kwa kawaida ndani ya muda wa saa tatu. Upepo ukivuma kwenye vichaka vikavu, saa tatu si mchezo. Ndiyo maana Machi 2025 ikarushwa setilaiti ya kwanza ya mpango wa FireSat. Wenyewe wanakusudia zifike zaidi ya 50, zione hata moto wa mita 5 kwa 5, na zirudi kutazama kila baada ya dakika 20. Kazi nzuri, nawavulia kofia.

Lakini kuona si kuzima, jamani! California wana kamera zaidi ya 1,000 vilimani, na tangu mwaka 2023 kompyuta inazikodolea macho usiku na mchana kutafuta moshi. Januari 2025 moto wa Palisades na wa Eaton ukawaka Los Angeles. Hakuna aliyekosa kuuona. Upepo ukazilaza chini ndege za kumwaga maji usiku ule wa kwanza, na majengo zaidi ya 16,000 yakateketea. Hao ni matajiri wa dunia. Sisi tunaambiwa tuanzie kwenye kamera!

Na tusiseme mambo ya mbali tu. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, ati mgeni arushe picha yake papo hapo. Oktoba mwaka huo huo mlima ukawaka tena, karibu na kambi ya Karanga. Picha za moto ziliteremka upesi kweli kweli. Wazimaji walipanda kwa miguu.

Kinachoungua kule si mandhari ya kalenda. Vichaka vya juu, wataalamu huviita erika, hunasa ukungu. Ukungu unakuwa matone, matone yanashuka hadi kwenye mifereji ya migombani. Mtafiti Andreas Hemp alionyesha mwaka 2005 kwamba moto unaidhuru hazina ya maji ya mlima kuliko hata kuyeyuka kwa barafu. Barafu imeandikiwa makala ngapi? Erika je? Kimya. Haipendezi kwenye picha, nadhani.

Mimi nataka barabara za kinga moto zifyekwe kabla ya kiangazi. Nataka redio za upepo, buti na barakoa ziwe tayari kijijini, siyo ziombwe moto ukishawaka. Mwaka 2020 wenye hifadhi walisema huenda moto ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Watu wakamrukia mpagazi kama mwewe. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa na jiko la maana na mahali pa kupikia palipokingwa upepo. Jiko nalo ni teknolojia, bwana, au kwa sababu haliruki?

Hizo droni zije, hata kesho. Ila kijana mwenzangu unayeandika riwaya ambamo shujaa anabonyeza kitufe na moto unazimika, nijibu hili kwanza: ujumbe wa setilaiti ukiingia Marangu saa nane mchana, simu ya nani inalia? Anapanda na nani, amevaa nini miguuni, na akirudi na mapafu yamejaa moshi, nani anamlipia dawa?