Mwanafunzi wa Mbali Asifanywe Mtoto wa Kambo

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, vyuo vikuu nchini huandaa juma la kuwapokea wanafunzi wapya. Wageni hao huonyeshwa maktaba, hutambulishwa kwa walezi na washauri, huelezwa taratibu za mitihani na mahali pa kupeleka malalamiko. Hilo ni jambo jema. Lakini kwa kawaida juma hilo hufanyika mchana, siku za kazi, katika eneo la chuo. Mwalimu wa shule ya msingi aliyejiandikisha kusomea shahada huku akiendelea na kazi yupo mbele ya darasa wakati huo. Muuguzi yupo wodini. Mama mwenye mtoto mchanga yupo chumba cha kupanga, safari ya mabasi mawili kutoka chuoni. Hao nao ni wanafunzi. Wamelipa ada kama wenzao, na watakabiliwa na mitihani kama wenzao. Tofauti ni kwamba wao hawakukaribishwa na mtu.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wenye dhamana ya elimu ya juu hawana budi kulijibu. Je, mtu mzima anayesoma huku akifanya kazi na kulea familia ni mwanafunzi kamili, au ni mtoto wa kambo anayepewa makombo ya huduma baada ya wenye nyumba kushiba?

Taifa hili lilikwisha kutoa jibu lake zamani. Mwaka 1961, mwaka wenyewe wa Uhuru, Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa ili kuwafundisha watu wazima, wengi wao wakiwa hawakupata nafasi ya kusoma sekondari. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi wachache wa sheria, si katika majumba ya fahari, bali katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, ikaamuliwa kwamba njia ya kwenda Chuo Kikuu isitoke moja kwa moja kidato cha sita, bali ipitie kazini. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa wazi: kazi nayo ni shule, na mtu aliyeonja kazi analeta chuoni kitu ambacho kijana aliyetoka darasani jana hana.

Hata hivyo, Azimio la Musoma liliacha pia fundisho lisilofaa kusahauliwa. Lilimruhusu mfanyakazi kuingia chuoni, lakini halikukibadilisha chuo chenyewe. Mfanyakazi alitakiwa kuiacha nyumba yake na kwenda kuishi bwenini kana kwamba ni kijana asiye na mzigo. Waliobanwa zaidi walikuwa wanawake. Idadi ya wasichana waliojiunga ilishuka, na haukupita muda mrefu wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Fundisho lake ni kwamba haitoshi kumfungulia mtu mlango. Sharti uangalie pia kama hali yake inamruhusu kuvuka kizingiti.

Fundisho hilo ndilo lililozaa hatua iliyofuata. Kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, Bunge liliunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1994 chini ya Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Geoffrey Mmari. Safari hii utaratibu uligeuzwa: chuo ndicho kilichotakiwa kumfuata mfanyakazi alipo, kwa vituo vya mikoa, vitabu vya kujisomea na mitihani inayofanyika karibu na mwanafunzi. Mtumishi wa Kigoma hakulazimika tena kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli na kuacha kazi kwa miaka mitatu ili apate shahada.

Wapo wanaonong'ona kwamba elimu ya namna hiyo ni ya daraja la pili. Hiyo ni kasumba, na ushahidi unaikanusha. Nelson Mandela alitunukiwa shahada yake ya sheria na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kilichokuwa kikifundisha kwa njia ya posta, mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 bila kuwadai vyeti vya awali, na leo hakuna anayezidharau shahada zake. Lakini chuo hicho hakikutegemea vitabu na televisheni peke yake. Kiliweka walimu na washauri katika kila kanda, ili mwanafunzi awe na mtu anayemjua kwa jina na kumuuliza kulikoni pale kazi zake zinapochelewa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hapa nchini bado inachechemea. Kumwandikisha mtu ni jambo moja. Kumfikisha kwenye mahafali ni jambo jingine. Mwanafunzi wa mbali hashindwi kwa sababu akili yake ni nzito. Hushindwa kwa sababu ratiba ya mtihani imeangukia siku ya ukaguzi wa shule na mkuu wake wa kazi amekataa kumpa ruhusa. Hushindwa kwa sababu swali lake limekaa wiki sita bila kujibiwa. Hushindwa kwa sababu ofisi inayopaswa kumsaidia hufunguliwa anapoingia kazini na kufungwa kabla hajatoka. Siku moja huacha kimya kimya, bila hata barua. Ada aliyoikata kwenye mshahara wake imepotea, na wanafunzi wake wa darasa la sita hubaki na mwalimu aliyevunjika moyo.

Wasomao shahada za uzamili na uzamivu nao wana kilio chao. Wengi ni watumishi wa umma na wahadhiri wa vyuo vidogo. Wakishamaliza masomo ya darasani huachwa peke yao na tasnifu, wakimfukuzia msimamizi ambaye leo yupo semina na kesho yupo safarini. Hata Mlimani, ambako mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya ya wanafunzi 3,840, wapo wengi wanaopanga vyumba Sinza, Changanyikeni na Msewe, ambao mihadhara, michezo na mijadala ya jioni huwapita kwa sababu ya kuwahi usafiri.

Itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba mahitaji ni mengi, lakini mengi ya yanayodaiwa hapa hayahitaji majengo, yanahitaji mpango. Kituo cha mkoa kikifunguliwa Jumamosi, na watumishi wake wakapumzika siku nyingine, gharama haiongezeki sana. Shule za sekondari zina vyumba vinavyokaa vitupu kila jioni. Halmashauri za wilaya zinaweza kuvitoa kwa makundi ya kujisomea. Juma la kuwapokea wanafunzi linaweza kufanyika wakati wa likizo za shule, mkoani, na mwanafunzi wa zamani akapangiwa wapya wachache wa kuwaongoza. Simu ya mkononi, ambayo leo imefika hata vijijini, inaweza kumkumbusha mwanafunzi tarehe ya mtihani, na inaweza pia kumbana msimamizi ajibu katika muda uliowekwa.

Waajiri nao wana wajibu wao. Mkuu wa idara anayemnyima mtumishi ruhusa ya mtihani hudhani analinda kazi ya Serikali. Kumbe anaibomoa, kwa kuwa anauzuia ujuzi usiingie katika ofisi yake mwenyewe. Ruhusa ya mitihani isiwe hisani ya bosi mwenye moyo mwema. Iwe ni utaratibu ulioandikwa, unaojulikana na pande zote mbili tangu siku ya kujiandikisha. Vyuo kwa upande wao vitoe ratiba mapema na kuiheshimu, maana mwalimu hawezi kuomba ruhusa ya tarehe inayobadilishwa kila mara.

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Ni methali inayopendwa sana majukwaani, hasa siku za mahafali. Ingefaa viongozi wa vyuo, baada ya kuwapongeza waliovaa majoho, waulize pia ni wangapi walioanza safari pamoja nao na hawapo ukumbini, na ni nini kilichowaangusha njiani. Chuo kitakachojua jibu la swali hilo, na kulifanyia kazi, ndicho kitakachostahili kuitwa chuo cha umma.