Taabu Ile Niliyojisifia

Muhula uliopita Mwalimu Mkuu alinialika kuzungumza na wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne juu ya kazi ya udaktari. Mimi nami nilisoma katika shule hii, kwa hiyo nilikuja kwa furaha. Mwishoni kijana mmoja alisimama akasema, "Shikamoo Daktari. Je, ni kweli kwamba mtu hawi daktari mpaka ateseke?" Nilijibu upesi, "Ndiyo. Nilipokuwa katika mwaka wa mafunzo ya kazi nilikaa saa 36 bila ya kulala, na leo mnaniona." Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nilirudi nyumbani na makofi yale yakinisumbua, maana sehemu moja ya habari ile sikuwaeleza. Namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi hii niieleze.

Usiku ule ule, kama saa tisa, aliletwa mtoto mwenye homa kali na degedege. Niliandika dawa. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, aliisoma karatasi yangu, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Daktari mwanangu, hebu soma tena." Nilikuwa nimetia nukta mahali pasipo pake. Mtoto yule angepewa dawa mara kumi ya kiasi chake. Alipona kwa macho ya yule mama, wala si kwa ushujaa wangu. Tena niwaambie kweli: kulipokucha sikuweza hata kukumbuka vema nilivyompima. Basi zile saa 36 zilinifundisha nini?

Sisemi kwamba udaktari uwe kazi nyepesi. Mara ya kwanza nilipotumwa kumwambia mama kwamba mwanawe amefariki, miguu ilinitetemeka. Daktari mkubwa wangu hakunipokonya kazi ile. Alikuja akaa kando yangu, na baadaye akanionyesha kosa langu: nilisema nimesimama, mkono umeshika mlango, kama mtu anayetaka kukimbia. Mara ya pili niliketi. Taabu ile ilikuwa chungu kuliko kukosa usingizi, lakini siiuzi kwa bei yoyote, maana kila mzazi niliyemkabili baada ya hapo alipata faida yake.

Wakubwa wengine husema, "Sisi sote tulipita humo humo." Ni kweli, lakini na tutazame njia hiyo ilitoka wapi. Desturi ya madaktari vijana kuishi hospitalini usiku na mchana ilitiwa nguvu sana na Daktari William Halsted, mpasuaji wa Hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa mwaka 1889 katika mji wa Baltimore, Marekani. Alikuwa fundi hasa, na mipira ya mikononi wanayovaa wapasuaji ilienea kwa ajili yake. Lakini mwaka 1884, alipokuwa akijaribu kokeini kuwa dawa ya ganzi, alijidunga mwenyewe ikamnasa, na tangu hapo alishindana na kokeini na mofini kwa miaka mingi. Simcheki, alikuwa mgonjwa. Nashangaa tu sisi tuliofanya maisha yake kuwa kipimo cha kila kijana.

Mwaka huo huo wa 1884 ukiongeza miaka mia, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York. Madaktari waliomhudumia usiku walikuwa bado katika mafunzo, wenye zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake hakunyamaza, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka sheria kwamba madaktari wa namna hiyo wasizidishe saa 80 kwa juma. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hukosea kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Mzazi gani angempandisha mwanawe basi la dereva wa hali hiyo?

Najua nitajibiwa kwamba hospitali zetu nyingi hazina madaktari wa kutosha. Ni kweli, na ziko siku nami hukesha hata leo, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuambiwa arudi kesho. Lakini hapo na tuseme kwamba watu hawatoshi, tudai waongezwe. Tusimwambie kijana aliyechoka kwamba anafundishwa.

Kijana uliyeniuliza, jina lako sikulishika. Jibu langu lile nalifuta. Yule mama muuguzi amekwisha kustaafu, nami mpaka leo, nikiandika dawa ya mtoto baada ya saa sita ya usiku, humpa mwenzangu karatasi aisome kwa sauti.