Inasemekana: Visa vya Maandiko, Albamu za Kale na Kiswahili cha Redio za Kijamii Mtwara

Katika mafunzo ya uandishi wa habari, neno inasemekana huhesabiwa kuwa kasoro. Mwanafunzi anayelitumia huulizwa mara moja: imesemwa na nani? Amtaje msemaji au aifute sentensi. Kanuni hiyo inafaa sana kwa taarifa ya habari. Tatizo huanza pale inapochukuliwa na kufanywa kipimo cha kila Kiswahili kinachosikika redioni, hata kile cha mazungumzo ya usiku yanayoendeshwa na watu wa kujitolea ambao hawakusomea utangazaji. Makala haya yanadai kwamba katika mazungumzo hayo neno inasemekana, pamoja na jamaa zake, hufanya kazi ya kitaalamu ambayo wanaisimu wa Kiswahili hawajaipa uzito unaostahili, na kwamba kulisahihisha ni kuharibu.

Mfano unaozingatiwa hapa ni pwani ya Mtwara, kuanzia mjini hadi Msimbati, Mnazi Bay na mlango wa mto Ruvuma. Eneo hili lilizoea kwa miaka mingi kusikia sauti zilizotoka mbali. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951. Redio Tanzania, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, ikabaki kuwa mlezi wa masikio ya nchi nzima mpaka Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali. Baadaye zilikuja redio za kijamii, mojawapo ikiwa Jamii FM ya Naliendele. (Gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 imekuwa ikisafiri kwa bomba kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2015, sauti, kwa muda mrefu zaidi, ilisafiri upande wa pili.) Redio hizi hazina fedha nyingi. Aghalabu hutegemea vijana na wazee wanaojitolea, na kila mmoja huja na alichonacho. Mwenye kujua visa vya manabii huja na visa. Mwenye kanda na santuri za zamani huja nazo. Si ajabu mtu huyo kuwa mmoja.

Kwa mtazamo wa haraka, visa vya maandiko na albamu za miaka ya 1970 havina uhusiano. Kwa mtazamo wa lugha vinahusiana mno, kwa sababu vyote viwili ni elimu iliyopokewa kwa kusikia. Msimulizi hakuwapo Nuhu alipoingia safinani. Hakuwapo pia studioni gitaa lilipopigwa. Hana budi kutafuta namna ya kusema jambo bila kulidhamini kupita kiasi, na Kiswahili kimemwekea akiba kubwa ya namna hizo.

Tuanze na umbo lenyewe. Kitenzi sema kinaweza kunyambuliwa kuwa semwa, katika kauli ya kutendwa, au semekana, chenye viambishi vya kutendeka na -an-. Tofauti yake si ya mapambo. Kauli ya kutendwa hukubali mtenda: habari hii imesemwa na Juma. Umbo la semekana humkataa: hakuna mzawa wa Kiswahili atakayesema inasemekana na Juma. Kwa hiyo anayechagua inasemekana hajasahau kumtaja msemaji. Ametumia muundo ambao kisarufi hutangaza kwamba hana msemaji wa kumtaja. Mwalimu wa uandishi anapouliza imesemwa na nani, anauliza swali ambalo sentensi imekwisha kulijibu.

Ndugu wa neno hili hugawana kazi. Imepokewa ni kutendwa, na kwa desturi ya madrasa humwita mpokezi: imepokewa kutoka kwa fulani. Wazee wanasema huweka dhamana katika kundi linalojulikana kijijini. Nasikia humwajibisha msemaji peke yake, kwa sikio lake. Eti hupeleka habari mbele huku ikiikwepa, mara nyingi kwa kejeli kidogo. Na mwisho wa kisa huja Mungu ndiye ajuaye, tafsiri ya kifungio cha Kiarabu ambacho kila mwanafunzi wa chuo cha Kurani hukijua kabla ya kujua maana yake. Vitabu vya sarufi hutaja maumbo haya hapa na pale, chini ya mnyambuliko, vielezi au viingizi. Ni nadra kuyakuta yakichambuliwa pamoja kama mfumo mmoja wa kuonyesha chanzo na uzito wa habari.

Mfumo huo huonekana vizuri katika kisa cha Uj bin Anaq, ambacho hakiwezi kukosa masikio kwenye pwani ya wavuvi. Katika visa vya manabii vya Kiarabu, Uj ni jitu lililookoka gharika bila kupanda safina kwa kuwa maji hayakulifunika. Lilichukua samaki katika kina cha bahari na kumchoma kwenye jua. Kurani haimtaji. Ibn Kathir, katika karne ya 14, alikikataa kisa hiki kwa maneno makali. Lakini Kumbukumbu la Torati 3:11 linamtaja Ogu mfalme wa Bashani, mwenye kitanda cha chuma cha dhiraa tisa. Mkoa wa Mtwara una Waislamu wengi pwani na Wakristo wengi bara, ambako misheni ya Kianglikana ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876. Kwa hiyo kisa cha jitu hili kinaposimuliwa hewani kina wenyewe pande zote mbili. Msimulizi makini hawezi kukisimulia kwa namna moja tu ya usemi. Kitanda atasema kimeandikwa. Samaki atasema inasemekana. Akisikia mwanachuoni amekikataa kisa, atasema hivyo pia, kisha ataendelea nacho, kwa kuwa msikilizaji anataka kujua samaki alikuwa mkubwa kiasi gani. Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kuziainisha habari za Israiliyati katika mafungu matatu: zinazokubaliwa, zinazokataliwa, na zile zisizosadikishwa wala kukadhibishwa. Mtangazaji wa kujitolea anayachukua mafungu hayo kwa viambishi vya kitenzi.

Hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Chuo cha Tambuka cha mwaka 1728 kinasimulia vita vikubwa dhidi ya Herekali, ilhali safari ya Tabuk ya mwaka 630 haikuwa na mapigano. Washairi wa tenzi walijua wanapokea masimulizi, na mara nyingi walisema wameyatoa wapi. Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Kahf, aya ya 22, inataja kauli za watu zinazotofautiana kuhusu idadi ya vijana wa pangoni, kisha inarudisha ujuzi wa idadi hiyo kwa Mungu. Anayejifunza kusimulia kwa kufuata kielelezo hicho hajifunzi uzembe.

Sasa hamisha namna hiyo ya kusema uipeleke kwenye santuri. Sunburst, bendi ya roki ya Kiafrika ya Dar es Salaam, ilitoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Haikupatikana kwa urahisi tena mpaka mwaka 2016, ilipotolewa upya na kampuni ya Strut ya London. Kwa miaka 40 iliyo katikati, sehemu kubwa ya habari za albamu hiyo ilitegemea kumbukumbu za waliosikia na waliosimuliwa. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979, hilo limethibitishwa. Yanayosimuliwa kuhusu saa zake za mwisho ni mengi, na mtangazaji anayeyatanguliza kwa inasemekana ni mkweli kuliko anayeyasoma kama taarifa.

Mfano mzito zaidi ni Queen. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi. Katika albamu ya A Night at the Opera ya mwaka 1975 msikilizaji wa pwani hushtuka kusikia Bismillahi katikati ya wimbo wa Kiingereza, na albamu ya Jazz ya mwaka 1978 hufunguliwa na wimbo uitwao Mustapha. Swali la kwanza la mpiga simu yeyote ni: alikuwa Mwislamu? Hakuwa. Wazazi wake walifuata dini ya Zarathustra, yaani walikuwa majusi, neno lile lile ambalo Biblia ya Kiswahili hulitumia katika Mathayo 2 kwa wageni waliofuata nyota. Hivyo mazungumzo juu ya albamu ya roki yameingia katika maandiko bila mtu kukusudia, na yameingia kwa mlango wa msamiati wa Kiswahili, si wa Kiingereza. Idara zinazolalamika kwamba Kiswahili hakina lugha ya kuhakikia muziki wa kisasa zingefaidika kwa kusikiliza namna majusi linavyofafanuliwa hewani.

Kuna hoja ya upinzani ambayo haipaswi kupuuzwa. Inasemekana ni neno la uvumi pia. Mtwara inajua gharama yake: siku za ghasia za bomba la gesi, Mei 2013, mji ulijaa habari zisizo na mwenyewe. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania wa Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliotoka Cabo Delgado, na tangu hapo mtu yeyote anayezungumzia Yajuju na Majuju au ishara za Kiyama karibu na mpaka anaweza kutazamwa kwa jicho la shaka. Wapo watakaosema afadhali maandiko yaachiwe wenye vyeti. Lakini uvumi na usimulizi hutofautiana katika jambo linaloweza kuchunguzwa. Uvumi hautaji daraja la habari yake, haufungwi kwa Mungu ndiye ajuaye, wala hausubiri mtu apige simu kuupinga. Kisa cha redioni hufanya yote matatu, mbele ya Sheikh, Padri na mvuvi kwa pamoja. Kukinyamazisha hakutakiondoa; kutakipeleka mahali pasipo na simu ya kukipinga.

Zipo njia za kukinyamazisha zisizo za makusudi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni ambayo jumla yake ilizidi shilingi milioni 2, na ingawa ilipunguzwa baadaye, kijana wa Msimbati mwenye kipaza sauti na kanda za babu yake hakuwa mtu aliyefikiriwa wakati wa kuiweka. Njia nyingine ni usahihishaji: mtangazaji anayetolewa semina ya siku mbili hurudi akiwa ameacha inasemekana, na sasa anasimulia samaki wa Uj kana kwamba alikuwapo.

Ya tatu inazihusu idara za Kiswahili moja kwa moja. Redio ndogo hurekodi vipindi vyake, kisha hufuta ili kupata nafasi. Tasnifu za uzamili juu ya lugha ya redio huendelea kuchagua taarifa za habari za vituo vya Dar es Salaam, kwa sababu zinapatikana na zimehaririwa. Mwanafunzi mmoja mwenye diski ya kuhifadhia, akikaa Mtwara kwa mwezi mmoja wa Ramadhani na mwezi mmoja wa kawaida, angerudi na data ya mfumo wa uthibitisho ambayo haimo katika kongoo ya magazeti. Ni kazi ya miezi miwili na nauli ya basi.