Mwenye sukari na kidonge cha lehemu

Miongoni mwa maswali ambayo wagonjwa wa kisukari wa visiwa vyetu hutoka nayo kliniki na kuyapeleka barazani, kwa jirani na kwa muuza dawa, limo moja ambalo halistahiki kuachiwa uvumi ulijibu. Nalo ni hili: mtu ambaye tayari anameza dawa za sukari, na pengine za shinikizo la damu, anapoambiwa na daktari aongeze kidonge cha kupunguza lehemu, akubali au akatae?

Swali hili si dogo. Kidonge chenyewe si cha wiki moja wala mwezi mmoja, bali ni cha miaka. Anayekikubali bila ya kuelewa kwa nini amepewa hukimeza kwa muda, kisha hukiacha kimya kimya, na daktari wake asijue. Anayekikataa kwa kusikia maneno ya watu huenda amejinyima kinga ambayo ingemwokoa. Wote wawili wameamua gizani, na sisi tunasema kwamba mwananchi hapaswi kuamua juu ya uhai wake gizani.

Kidonge tunachokizungumzia ni cha jamii ya dawa ziitwazo statini. Zilizozoeleka zaidi ni simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini. Lehemu, ambayo wengine huiita kolestro, ni aina ya mafuta yanayosafiri ndani ya damu, na sehemu yake kubwa hutengenezwa na ini letu wenyewe. Mwili hauwezi kuishi bila ya lehemu, lakini ile iitwayo lehemu mbaya ikizidi hujipenyeza katika kuta za mishipa na kuganda humo, hata njia ya damu ikawa nyembamba. Ganda hilo likipasuka, damu huganda juu yake na njia huziba. Ikiziba katika moyo, huwa ni shambulio la moyo. Ikiziba katika ubongo, huwa ni kiharusi. Statini hulizuia ini lisitengeneze lehemu nyingi, na hulifanya lichote zaidi ile mbaya iliyomo katika damu.

Wapo wanaoziita dawa hizi za kigeni na kuzitilia shaka kwa sababu hiyo. Inafaa wajue kwamba mlango wake ulifunguliwa na mwana wa Japani, Akira Endo, ambaye katika miaka ya 1970 alichunguza maelfu ya aina za ukungu, akaipata dawa ya kwanza ya jamii hii katika ukungu uliotokana na mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Elimu haina kabila, na chimbuko la dawa hii ni ukungu wa chakula ambacho hakikosekani katika sinia zetu.

Sasa tuliingie swali lenyewe. Hoja inayotolewa mara nyingi na wagonjwa, nayo ni hoja ya mtu mwenye akili, ni hii: "Lehemu yangu imepimwa, nimeambiwa ni ya kawaida. Kwa nini basi nimeze dawa ya kuipunguza?" Jibu lake ni kwamba kwa mwenye kisukari kipimo cha lehemu hakitoshi kueleza hatari iliyo mbele yake. Sukari ikikaa juu kwa miaka huzidhoofisha kuta za mishipa, na lehemu ambayo isingemdhuru mtu mwenye siha huweza kumdhuru yeye. Ndiyo maana maradhi ya moyo na mishipa ya damu yamekuwa sababu kubwa ya vifo vya wenye kisukari. Daktari mwema haiangalii namba moja ya maabara peke yake. Humwangalia mtu mzima: umri wake, miaka aliyoishi na maradhi, shinikizo lake la damu, figo zake, na kama anavuta sigara.

Jambo hili limepimwa, halikudhaniwa tu. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza na Ireland kwa watu 2,838 wenye kisukari cha ukubwani, wenye umri wa miaka 40 hadi 75, ambao hawakuwahi kupata maradhi ya moyo wala kiharusi, na ambao lehemu yao haikuwa ya kutisha. Wengine walipewa atorvastatini ya miligramu 10 kila siku, wengine kidonge kinachofanana nacho lakini kisicho na dawa. Kwa muda wa takriban miaka minne, katika watu 1,410 waliokosa dawa, 127 walipatwa kwa mara ya kwanza na shambulio la moyo, kiharusi au balaa nyingine kubwa ya mishipa. Katika watu 1,428 waliopewa dawa, waliopatwa walikuwa 83. Utafiti ulisimamishwa miaka miwili kabla ya wakati wake kwa kuwa manufaa yalikwisha kuonekana. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti mwingine wa Uingereza uliowahusisha watu 5,963 wenye kisukari ulikwisha kuonyesha kwamba simvastatini iliwafaa hata wale ambao lehemu yao mbaya ilikuwa chini tangu mwanzo. Kwao hatari ilipungua kwa zaidi ya robo.

Tuzisome hesabu hizi kwa uaminifu, bila ya kuzitia chumvi. Katika kila watu 100 waliokosa dawa, 91 hawakupatwa na kitu katika miaka ile minne. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kwamba asipomeza kidonge atakufa kesho hasemi kweli, na anayemwambia kwamba kidonge hakina faida naye hasemi kweli. Kweli ni kwamba katika kila watu 1,000 wa namna ile waliotibiwa kwa miaka minne, kiasi cha balaa 37 zingezuilika. Hakuna ajuaye mapema ni akina nani watakaookoka. Lakini 37 katika elfu, zikienezwa katika shehia zetu zote na kwa miaka mingi, ni idadi kubwa ya watu wenye majina na jamaa.

Na hapa tuwakumbushe wasomaji wetu kwamba hatari ya mkaazi wa kisiwa ina uzito wa pekee. Kiharusi hutaka tiba ya haraka, na saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Mgonjwa wa Tumbatu, wa Kojani au wa Makoongwe akipatwa usiku, kwanza husubiri chombo, na bahari haina huruma na mgonjwa. Anayenusurika huenda akabaki na nusu ya mwili iliyopooza. Mvuvi hawezi tena kuvuta jarife, mama hawezi tena kulima mwani, na mara nyingi binti wa nyumba hiyo huacha skuli ili amuuguze mzee wake. Kinga ambayo mtu wa mji mkubwa anaweza kuiona ni ya hiari, kwetu sisi ni kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta.

Hata hivyo, haki inataka madhara nayo yatajwe. Linalosemwa zaidi ni maumivu ya misuli. Yapo, lakini si kwa wingi unaosimuliwa. Mwaka 2020 ulitangazwa utafiti wa London wa watu 60 waliokuwa wameziacha statini kwa sababu ya madhara. Walipewa kwa zamu, mwezi hadi mwezi, dawa ya kweli, kidonge kisicho na dawa, au chupa tupu. Sehemu tisa katika kumi za taabu walizozipata walipomeza dawa ziliwapata pia walipomeza kidonge kisicho na kitu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, ila sababu yake kubwa haikuwa dawa. Baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudi kuitumia. Dhara zito la misuli ni nadra sana, lakini ni wajibu kulijua: mwenye maumivu makali au udhaifu wa misuli pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia aache dawa na aende hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni kwamba statini hupandisha sukari. Hili nalo ni kweli, na halifai kufichwa. Hesabu iliyokusanywa mwaka 2010 kutoka tafiti 13 ilionyesha kwamba watu 255 wasio na kisukari wakitumia statini kwa miaka minne, mmoja zaidi hupata kisukari. Kwa ambaye tayari anacho, sukari huweza kupanda kidogo, na dawa zake za sukari huweza kurekebishwa. Ongezeko hilo ni dogo likilinganishwa na kinga ya moyo na ubongo.

Kutokana na hayo, wataalamu wengi wameafikiana hivi. Mwenye kisukari aliyekwisha kupatwa na shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba mshipa anahitaji statini, tena ya nguvu. Mwenye umri wa miaka 40 hadi 75 ambaye hajapatwa na kitu anashauriwa aitumie kwa kipimo cha wastani. Aliye chini ya miaka 40 huangaliwa hatari zake nyingine. Aliyepita miaka 75, kama alikuwa akiitumia na inamkubali, kwa kawaida huendelea. Kama ndiyo kwanza aanze, azungumze kwa kina na daktari wake. Mama mjamzito, anayenyonyesha au anayetarajia kushika mimba, na mtu mwenye maradhi makali ya ini, wasianze bila ya ushauri wa daktari, kwani kwa kawaida hawapewi. Anayetumia dawa za VVU, au aliyeandikiwa dawa ya vijasumu kama eritromaisini, amweleze daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hazipatani na statini. Hata balungi letu, likiliwa kwa wingi, huzidisha nguvu za simvastatini na atorvastatini mwilini.

Kuhusu saumu, ambayo wengi huiuliza, statini humezwa mara moja kwa siku na inaweza kumezwa baada ya futari. Yenyewe haimwangushi mfungaji kwa kushusha sukari. Zinazohitaji mpango wa daktari kabla ya Ramadhani kuingia ni insulini na baadhi ya vidonge vya sukari. Na kuhusu habasoda, kitunguu thaumu na majani ya miti, hatumkatazi mtu kula chakula chake, lakini hakuna katika hivyo kilichopimwa kwa maelfu ya wenye kisukari na kuonekana kinazuia kiharusi kama statini. Vivyo hivyo, kidonge hiki hakimpi mtu ruhusa ya kuvuta sigara, kukaa kitako mchana kutwa au kuacha dawa za shinikizo.

Sasa tuseme na wenye dhamana. Mwezi Mei 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha malengo ya kisukari ya kufikiwa ifikapo 2030, na moja kati yake ni kwamba asilimia 60 ya wenye kisukari waliofikia miaka 40 na zaidi wawe wanapata statini. Simvastatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Hataza ya atorvastatini ilimalizika Marekani mwaka 2011, na leo viwanda vingi huitengeneza kwa bei ndogo. Haiwi tena halali kuziita dawa hizi anasa ya matajiri.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilitangaza kwamba matibabu ni haki ya kila mwananchi. Haki hiyo haitimii kwa mgonjwa anayeandikiwa dawa ya miaka mingi, akaipata mwezi huu na kuikosa mwezi ujao. Tunaitaka Wizara ya Afya na Bohari Kuu ya Dawa zihakikishe kwamba statini inafika katika vituo vya afya vya shehia, Unguja na Pemba, na haiishii katika hospitali kubwa. Tunautaka Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 2023, uihesabu dawa hii kuwa kinga inayopunguza gharama za kuwauguza waliopooza.

Aidha, tunawaasa madaktari na wauguzi waache ile desturi ya kumkabidhi mgonjwa kidonge kwa neno moja la "meza". Mgonjwa ana haki ya kuambiwa hatari yake ni ipi, dawa itampunguzia kiasi gani, madhara yake ni yapi, na afanye nini yakimtokea. Dakika kumi za maelezo zina thamani kuliko mifuko ya dawa inayolala kabatini. Na mgonjwa naye asiogope kuuliza, wala asione haya kusema kwamba ameacha dawa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Msimamo wetu ni wazi. Kwa wengi wa wenye kisukari waliotimiza miaka 40, manufaa ya statini yanazidi madhara yake, na ushauri wetu ni kwamba wasiikatae kabla ya kuzungumza na tabibu anayewajua. Atakayekataa baada ya kuelezwa vizuri na kuelewa ametumia haki yake, na asinyimwe huduma nyingine kwa sababu hiyo. Dawa iwepo, maelezo yatolewe, na mwenye mwili wake aamue.