Bingwa Asiye na Pa Kwenda
Thomas Ryan wa Toronto alibuni bolingi ya pini tano mnamo 1909, baada ya wateja wake kulalamika kwamba matufe ya pini kumi ni mazito mno. Tufe lake linaenea kiganjani, halina matundu ya vidole, na wepesi huo ndio unaowadanganya watazamaji. Pini ya katikati ina pointi 5, za ubavuni mwake 3, za pembeni kabisa 2. Igonge ile ya katikati kifuani barabara, na mara nyingi itaondoka peke yake, nne zikikutazama. Sharti uiguse upande kidogo. Alama kamili ni 450, yaani kuziangusha zote kwa tufe la kwanza mara 12 mfululizo. Aliyebobea hupanda kutoka ligi ya mtaani hadi timu ya jimbo, kisha ubingwa wa taifa, na hapo ngazi imekwisha: nje ya Kanada mchezo huu karibu haupo, na Olimpiki haumo. Bingwa wa Kanada ndiye bora duniani, lakini Jumatatu yuko kazini kama jirani zake. Mimi namhesabu mwanamichezo kamili kuliko nyota wengi wa matangazo ya biashara.