Mtoro wa Dakika 15

Wapo wanaodai kwamba filamu ya kuutahadharisha ulimwengu na mitambo haina budi ifanywe kwa mitambo mikubwa zaidi. Dai hilo lilikwisha bomolewa mwaka 1967, tena na mwanafunzi. George Lucas, katika Chuo Kikuu cha Southern California, aliwachukua wanamaji waliokuwa wakisomea upigaji picha, akatumia kanda zao za rangi, akaingia nao katika maegesho ya magari ya chini ya ardhi na uwanja wa ndege wa Los Angeles. Jela aliyoitaka ilikuwa imekwisha jengwa, na watu walipita humo kila siku wakiiita maendeleo. Mtu mwenye namba 1138 kwenye paji la uso anakimbia. Wachunguzi wanamfuata kwa kamera na kompyuta, sauti zao baridi kama za makarani wanaohesabu magunia.

Mwaka 1971 kazi hiyo ilirefushwa kuwa filamu ya majumba ya sinema. Mwaka 2004 Lucas akaichomekea picha za kompyuta. Huo uliitwa uboreshaji. Uboreshaji gani? Kilichotisha ni ule ujia mtupu ambao mtazamaji aliutambua kuwa ni wake.

Mwaka 2010, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa ile ya mwanafunzi.